Risasi Isiyorudi: Ugumu wa Kuigiza Upya Mauaji ya Gusii ya 1905 na 1908 katika Mchezo wa Video

IKISIRI

Makala haya yanachunguza ugumu unaomkabili mtunzi wa mchezo wa video anayetaka kuigiza upya tukio la kihistoria ambamo watu walipigwa risasi. Mfano mkuu ni mashambulizi ya wanajeshi wa Uingereza dhidi ya Abagusii mnamo 1905 na 1908. Makala yanashikilia kwamba ugumu huo hautokani hasa na uhaba wa mitambo wala wa fedha, bali na namna mchezo unavyosimulia. Historia husimuliwa kwa kiambishi -li-, ilhali mchezo huishi katika -nge-. Aidha, historia husema "yeye", ilhali mchezo humwambia mchezaji "wewe". Mwishoni inapendekezwa njia ambayo mtunzi anaweza kuifuata bila kuwadhulumu wafu wala kuwadanganya walio hai.

1.0 UTANGULIZI

Gesima ni eneo la vilima, migomba na majani chai katika Kaunti ya Nyamira, ndani ya eneo bunge la Kitutu Masaba. Jina Kitutu lina uzito katika historia ya Gusii, kwa kuwa watu wa Kitutu ndio walioonja makali ya bunduki za Waingereza mara mbili katika muda wa miaka mitatu. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi aliyelelewa Gesima, anayesomea Kiswahili na mwenye ujuzi wa kuunda programu za kompyuta, ameamua kutunga mchezo wa video kuhusu matukio hayo. Anataka vijana wa kwao, ambao huenda wanazifahamu silaha za vita vikuu vya Ulaya kutokana na michezo ya simu, waijue pia mikuki ya babu zao. Nia hii ni njema. Je, inatekelezeka?

Mwanafunzi huyo hangekuwa Mkenya wa kwanza kuunda mchezo. Mnamo 2007 Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Adventures of Nyangi, na mnamo 2015 kampuni ya Black Division Games ikatoa Nairobi X, mchezo wa kulenga shabaha ambamo mchezaji anaulinda mji wa Nairobi. Maadui wa Nairobi X, hata hivyo, ni viumbe kutoka anga za juu. Viumbe hao hawana wajukuu wa kuuliza maswali. Waliouawa Kitutu wanao, na baadhi yao ndio watakaoushika mchezo huo mikononi.

2.0 MATUKIO NA VYANZO VYAKE

Kabla ya kuendelea, ni muhimu matukio yenyewe yaelezwe kwa muhtasari. Mnamo 1905 serikali ya himaya ya Uingereza ilituma kikosi cha wanajeshi wa King's African Rifles (KAR) pamoja na polisi kuwaadhibu Abagusii. Sababu iliyotolewa ni mashambulizi na wizi wa mifugo dhidi ya majirani waliokuwa chini ya ulinzi wa serikali. Wapiganaji walikikabili kikosi hicho kwa mikuki na ngao. Kikosi kilijipanga umbo la mraba na kuwamiminia risasi za bombomu. Afisa wa polisi Robert Foran, aliyekuwapo, alieleza katika kumbukumbu zake kwamba bunduki hiyo ilifyatuliwa kwa muda mrefu hata ikapata moto, na kwamba mamia ya wapiganaji walianguka nje ya mraba. Yeye mwenyewe alikiri kwamba yale yalikuwa mauaji zaidi ya kuwa vita, ingawa aliyatetea kuwa hayakuepukika.

Tukio la pili lilizuka Januari 1908. Kijana aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, mtawala wa Kiingereza ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Masimulizi yanamtaja Moraa Ngiti, mwanamke mganga na mwonaji, kuwa ndiye aliyewachochea vijana wasiukubali utawala wa wageni. Northcote alijeruhiwa lakini akapona. Miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Abagusii ndio waliolipa. Kikosi cha KAR kilitumwa tena, nyumba zikateketezwa, maelfu ya ng'ombe wakatwaliwa, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Taarifa zilipofika London, Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni, aliandika Februari 1908 kwamba jambo hilo lilionekana kama uchinjaji, na akahoji haja ya kuendelea kuwaua kwa wingi namna ile watu wasioweza kujikinga.

Vyanzo vya habari hizi ni vya aina mbili. Kuna maandishi ya waliofyatua risasi na wakubwa wao, yaani ripoti, simu za maandishi na kumbukumbu. Kuna pia masimulizi ya Abagusii yaliyopokezwa kwa kinywa. Vyanzo hivi havilingani kwa aina ya maarifa. Ripoti hutaja mpangilio wa kikosi, aina ya silaha na idadi ya ng'ombe. Masimulizi hutaja Moraa alivyowakemea wanaume, na Otenyo alivyokuwa kijana wa nani. Mtunzi anayetaka kujenga uwanja wa mapambano kwa vipimo vyake atajikuta akitegemea zaidi chanzo cha kwanza, na kwa hiyo atauona uwanja huo kutoka ndani ya mraba, nyuma ya bombomu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika tukio hili hata waliokuwapo lao halipo, kwa kuwa walikufa kabla ya kulisema.

3.0 PICHA HAINA "INASEMEKANA"

Ugumu wa kwanza unahusu ukweli usio na hakika. Lugha ina vyombo vingi vya kumlinda msimulizi mwaminifu: inasemekana, yadaiwa, huenda, yamkini, kwa mujibu wa wazee. Kwa maneno haya msimulizi hutoa habari bila kuithibitisha asichokijua. Picha inayotembea haina vyombo hivyo. Katika mchezo wa video mkono ama umeinuliwa ama haukuinuliwa, na risasi ama imetoka ama haikutoka.

Mfano bora unatoka kwa majirani wa Abagusii. Tarehe 19 Oktoba 1905, mwaka uleule wa mapambano ya Kitutu, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa kwa risasi katika mkutano na Kapteni Richard Meinertzhagen. Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa ametegewa mtego na akajihami. Wanandi husimulia kwamba kiongozi wao alikwenda kwa mazungumzo ya amani na akauawa kwa hila, huku akinyoosha mkono wa salamu. Mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea Meinertzhagen lawama, lakini hata miongoni mwa Waingereza wenzake shaka haikuisha, na baadaye aliondolewa katika himaya hiyo. Mwandishi wa makala anaweza kuziweka kauli zote mbili katika aya moja, kama ilivyofanywa hapa. Mtunzi wa mchezo atalazimika kuamua ni nani aliyeanza kusogeza mkono, kwa kuwa mashine haitekelezi amri yenye shaka.

Hali ni hiyohiyo kwa Otenyo. Masimulizi ya Abagusii yanasema kwamba alikamatwa, akapigwa risasi, kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Uingereza. Familia na jamii yake wamekuwa wakidai kirudishwe. Mtunzi akikionyesha kichwa kikikatwa, ameyageuza madai kuwa ushahidi wa macho. Akikiacha, ameufuta uchungu ambao jamii imeubeba kwa zaidi ya karne moja. Katika usimulizi wa mdomo neno moja tu, "inasemekana", lingetosha kumwokoa.

4.0 KIAMBISHI -LI- NA KIAMBISHI -NGE-

Ugumu wa pili ni wa wakati. Tukio la kihistoria limefungwa katika -li-: Otenyo alimchoma Northcote, wanajeshi walifyatua, watu walikufa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mchezo wa video, kinyume chake, hauwezi kuwa mchezo kama kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Unahitaji -nge-: mchezaji angesonga kushoto angepona, angechelewa kidogo angekufa. Utamu wa mchezo umo katika uwezekano wa mambo kuwa vingine.

Mvutano huu ulijitokeza waziwazi mnamo Novemba 2004, wakati kampuni ya Traffic Games ya Uskoti ilipotoa mchezo wa JFK Reloaded. Ulitolewa katika maadhimisho ya miaka 41 tangu Rais John F. Kennedy wa Marekani alipouawa mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Mchezaji aliwekwa kwenye dirisha la ghorofa ya sita, mahali pa Lee Harvey Oswald, na kutakiwa afyatue risasi tatu kama zilivyoelezwa katika ripoti ya Tume ya Warren ya 1964. Alama zilitolewa hadi 1,000 kulingana na jinsi alivyokaribia ripoti hiyo, na zawadi ya fedha ikatangazwa. Waundaji walidai kwamba shabaha yao ni kuchunguza historia. Msemaji wa Seneta Edward Kennedy, mdogo wa marehemu, aliulaani mchezo huo.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, ingawa dirisha, barabara na gari viliigizwa kwa vipimo, wachezaji walipata matokeo ya kila namna yasiyofanana na yaliyotukia. Tukio lililochukua sekunde chache lilikataa kurudiwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mchezo ulimtuza mchezaji kwa kuua vilevile kama muuaji alivyoua. Pale uaminifu kwa historia ulipogeuzwa kuwa alama, mauaji yaligeuka kuwa hesabu ya kufaulu.

Kipimo hicho kikiletwa Kitutu, mambo huwa mabaya zaidi. Katika tukio la 1905, mchezaji akiwa nyuma ya bombomu, mchezo hauna ugumu wowote: afyatue tu, na mamia wataanguka. Akiwa upande wa mkuki, mchezo hauna ushindi: kila njia ya kuuelekea mraba inaishia mautini. Mchezo wa kwanza ni rahisi hata unachukiza, na wa pili ni mgumu hata hauchezeki. Mtunzi atashawishika kusawazisha mizani, kwa kuwapa wapiganaji ngao zisizopenya risasi au kuipunguzia bombomu kasi. Akifanya hivyo atakuwa ameficha jambo ambalo tukio linafundisha, yaani kwamba mizani haikuwa sawa. Zaidi ya hayo, akimwezesha mchezaji hodari kushinda, atakuwa amedokeza kwamba waliokufa walikosa ustadi. Huko ni kuwaua mara ya pili.

5.0 SUALA LA NAFSI

Ugumu wa tatu ni wa nafsi. Katika ngano, fanani akisema "Paukwa" na hadhira ikaitikia "Pakawa", mkataba unakuwa umewekwa kwamba habari itakayotolewa ni ya mwingine. Hadhira inaweza kulia, kucheka au kuguna, lakini haimshiki mhusika mkono. Msimulizi husema "akaenda, akapigana, akafa", na msikilizaji hubaki shahidi. Mchezo wa video huivunja nafasi hiyo ya ushahidi. Humtia mchezaji katika nafsi ya pili na kumwambia: wewe nenda, wewe lenga, wewe fyatua.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtunzi lisiwe uwanja wa mapambano utaonekanaje, bali mkono wa mchezaji utakuwa mkono wa nani. Akiwa askari wa KAR, kijana wa Gesima atawapiga risasi watu ambao huenda ni wa ukoo wake. Pengine hilo lingemfunza kitu kuhusu askari wenyewe, ambao wengi wao walikuwa Waafrika walioajiriwa kuwapiga Waafrika wenzao. Lakini vidole vinavyokimbizana na alama havipati nafasi ya kufikiri. Akiwa Otenyo, atalirudia tendo moja la mkuki mara kumi au mara mia hadi alipatie. Tendo ambalo kwa mtendaji wake lilikuwa la mara moja na la kufa na kupona litageuka kuwa zoezi la shabaha.

Kuna njia nyingine ya kuichagua nafsi. Mnamo 2014 kampuni ya 11 bit studios ya Poland ilitoa This War of Mine, mchezo uliochochewa na masaibu ya raia waliozingirwa katika mji wa Sarajevo miaka ya 1990. Mchezaji hapewi mwanajeshi, bali raia wanaotafuta chakula, dawa na mahali pa kulala. Risasi zipo, lakini kazi kuu ya mchezaji ni kuwaweka watu hai. Mfano huu unaonyesha kwamba si lazima mchezo kuhusu vita ukae kwenye kifyatulio cha bunduki.

6.0 LUGHA YA WAHUSIKA

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, ugumu wa nne una uchungu wa pekee. Wahusika wa mchezo huo watazungumza lugha gani? Jibu la haraka ni Kiswahili, lugha ya taifa, ili Wakenya wote waelewe. Lakini mnamo 1908 Kiswahili hakikuwa lugha ya Kitutu. Wenyeji walizungumza Ekegusii. Kiswahili kilichosikika katika vilima vile kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kile cha makarani, wachukuzi na askari, Kiswahili kilichorahisishwa cha kambini ambacho baadaye kilijulikana kama KiKAR. Kwa maneno mengine, baadhi ya Abagusii huenda walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika kauli za kuamrishwa.

Mtunzi akimfanya Moraa na askari wazungumze Kiswahili sanifu kilekile, atakuwa ameufuta umbali uliokuwapo kati yao. Moraa ataonekana kana kwamba anazielewa amri zinazotolewa dhidi ya watu wake. Ni afadhali Moraa azungumze Ekegusii, huku maandishi ya Kiswahili yakipita chini ya picha, na askari waachiwe Kiswahili chao cha kambini chenye sarufi iliyokatikakatika. Hapo mchezaji atasikia kwa masikio yake kwamba pande mbili hazikuelewana. Wapenzi wa Kiswahili wasione haya kulikubali jambo hili. Lugha inayounganisha leo iliwahi kupita mdomoni mwa mwenye bunduki, na kukiri hivyo hakuipunguzii hadhi.

7.0 FASIHI YA KISWAHILI ILIVYOYAKABILI HAYA

Waandishi wa Kiswahili walikwisha kupambana na mauaji ya kihistoria kabla ya michezo ya video kuwapo. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka huohuo wa 1905 katika Tanganyika ya Wajerumani, vilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Mapokeo ya tenzi yanampa mtunzi sauti ya mtu anayekumbuka, na mwisho wa habari hausubiriwi kwa kamari. Msomaji anajua nani ameshindwa. Anachofuata ni namna msiba ulivyotukia na maana yake.

Ebrahim Hussein alipoyarejea matukio hayo katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), alibainisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si nakala ya mtu wa historia. Kitovu cha tamthilia si risasi. Ni mzigo wa neno lililokwisha kusemwa, kwamba maji yatawakinga watu na risasi, na jinsi aliyelisema anavyobaki nalo baada ya kushindwa. Anapotakiwa na Wajerumani kulikana, Kinjeketile anakataa, kwa sababu anajua kwamba watakaokuja baadaye watalirithi kanusho lake. Hussein aliuacha ushindi wa bunduki ubaki ulivyokuwa, kisha akatafuta mahali ambapo mtu bado alikuwa na uamuzi. Hapo ndipo alipoiweka tamthilia yake.

Hilo ndilo funzo ambalo mtunzi wa Gesima anaweza kulichukua. Tukio la 1908 lina nafasi nyingi za uamuzi kabla na baada ya risasi. Kabla yake kuna mabishano ya wazee na vijana: je, wapigane ilhali miaka mitatu iliyopita waliona bombomu inavyofanya? Kuna sauti ya Moraa, na kuna wazee wenye hofu zao. Baada yake kuna majeruhi wa kubebwa, mifugo ya kufichwa, watoto wa kuvushwa usiku kwenda kwa jamaa, na maiti za kuzikwa. Humo mchezaji anaweza kuchagua, kukosea na kujaribu tena, kwa sababu uwezekano ulikuwapo kweli: kuna familia zilizopona na kuna zisizopona. Hapo -nge- ni halali.

Risasi zenyewe zibaki katika -li-. Zisikike kwa mbali, au zionekane na mchezaji asiye na kitufe cha kubonyeza. Pale ambapo vyanzo vinapingana, kama kuhusu kichwa cha Otenyo, picha inyamaze na sauti ya mzee isimulie kwa Ekegusii jinsi alivyosikia. Kwa njia hii neno "inasemekana" litarejeshwa ndani ya mchezo kupitia mdomo wa fanani.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kuigiza upya mauaji ya kihistoria katika mchezo wa video kunakwama mahali panne: picha haiwezi kubeba shaka, mchezo hudai uwezekano ambao historia imekwisha kuufunga, nafsi ya pili humgeuza shahidi kuwa mtendaji, na lugha ya pamoja huweza kuficha utengano uliokuwapo. Hakuna mojawapo kati ya haya litakaloondolewa na kompyuta yenye nguvu zaidi. Kadiri picha inavyofanana na uhalisia ndivyo shaka inavyozidi kukosa pa kukaa.

Hata hivyo, haifuati kwamba vijana wa Gusii wanyimwe mchezo wao. Wasipoutunga wao, huenda siku moja ukatungwa na mtu asiyejua Kitutu iko wapi, naye ataanzia pale ripoti zilipoanzia, ndani ya mraba. Mtunzi atakayetoka Gesima ana kitu ambacho ripoti hazina: anaweza kupanda kilima na kumuuliza mzee wa jirani yake, kwa lugha ya nyumbani, alichosimuliwa na babu yake. Aanze na swali hilo, na kompyuta ije baadaye.